Kulabu ya Tisa

Waliomwita Mama Kulabu walimwita hivyo kwa chinichini, naye alijua, na moyoni alifurahi. Kuwa sajini wa funguo katika gereza la mahabusu kwa miaka kumi na tisa si mchezo. Kwenye ukuta wa ofisi yake ndogo palikuwa na ubao wa rangi ya kijani wenye kulabu arobaini na mbili, kila kulabu na namba yake, kila namba na ufunguo wake. Ukitaka ufunguo unaacha kibati chako cha shaba chenye namba yako ya kazi. Ukiurudisha unachukua kibati chako. Huna kibati, huna ufunguo. Hata Mkuu wa Gereza mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kama mtoto aliyesahau daftari lake nyumbani, akaenda kukitafuta kibati mezani kwake, akarudi nacho huku anacheka.

"Afande, mimi sikujui wewe," Mama Kulabu alimwambia bila kupepesa. "Mimi nakijua kibati."

Na juu ya ubao alikuwa amebandika sheria aliyoiandika kwa mkono wake: ufunguo mmoja ukikosekana, hatoki mtu wala haingii mtu mpaka ujulikane uliko. Si askari, si mahabusu, si mpishi, si gari la takataka. Kali? Ndiyo, kali. Lakini jamani, hebu fikiria mwenyewe. Jengo lina watu mia mbili na kumi, wengine kesi za kuku, wengine kesi za damu, wote bado hawajahukumiwa na wote ni watoto wa watu. Ufunguo ukiangukia mkono usiofaa, wa kwanza kuumia ni yule mnyonge anayelala kona. Zamani, kabla ubao haujatundikwa, Mama Kulabu aliwahi kumwona mnyonge mmoja akitolewa amebebwa kwenye blanketi. Ndiyo maana hakuwa na masihara na funguo.

Sasa sikia alivyojikwaa.

Jumanne jioni, nusu saa kabla ya kubadilishana zamu, ilipigwa simu. Mahabusu mmoja wa bloki ya pili amefiwa na mama yake. Mahabusu mwenyewe alikuwa fundi cherehani, mtu wa miaka thelathini na kitu, mtulivu wa kupitiliza, anasubiri kesi ya majora ya kitambaa cha sare yaliyopotea dukani alikokuwa akishona. Mazishi ni kesho yake saa nne asubuhi, kijijini kwao, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari. Mkuu hakusita. Akaandika ruhusa palepale: fundi atoke saa mbili kamili na askari wawili, azike, arudi kabla ya saa tisa.

Ikabaki kazi ya kumwambia. Desturi mbaya iliyokuwapo ni kwamba askari anasimama kwenye nondo, anaita jina, anasema, "Pole, mama yako hayupo tena," halafu anaendelea kugawa bakuli. Mama Kulabu aliuchukia mtindo huo kama sumu.

"Mtu haambiwi msiba kupitia nondo kama anayeuziwa sigara," alisema. "Naenda mwenyewe."

Wakati huo alikuwa katikati ya kuhesabu funguo za kukabidhi zamu. Akauchomoa wa tisa, wa mlango wa ubavuni wa bloki ya pili, unaoingia kwenye chumba kidogo chenye meza na mabenchi mawili. Hakuacha kibati. Dakika mbili tu, alijiambia, na kwani nitajiandikia mwenyewe? Na ili daftari la makabidhiano ya zamu lisikae na pengo, akaipigia vema kulabu ya tisa kama vile ufunguo umo, akasaini chini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, hapo kwenye ile alama ndogo ya vema, na si mahali pengine.

Fundi alipoambiwa hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye benchi, mabega yakamshuka, machozi yakaanza kutiririka bila yeye kuyafuta. Mama Kulabu akaketi mbele yake.

"Lia, mwanangu. Hapa hakuna anayekuona."

Akatoa leso mfukoni, akampa. Walikaa hivyo si dakika mbili, ni dakika ishirini. Halafu nje gari la kuwarudisha askari makwao likaanza kupiga honi, pii, pii, dereva yule asiye na subira. Fundi akarudishwa bloki, Mama Kulabu akaubamiza mlango wa ubavuni, ambao hujifunga wenyewe, akapita ofisini mbio. Askari wa zamu ya usiku alikuwa ameshaketi. Huyu walimwita Mpole kwa kejeli, kwa sababu alitembea kama anayehesabu vigae.

"Ubao umejaa, nimeshahesabu," Mama Kulabu akamwambia. "Weka saini, gari linaniacha."

Mpole akaweka saini bila kugeuza shingo. Nani angemhesabia upya Mama Kulabu? Na pale lango kuu, ambapo kila askari anapekuliwa akitoka, aliyekuwa zamu alimpigia saluti tu akampisha. Nani angempekua Mama Kulabu? Basi ndivyo ilivyokuwa. Mtu wakishamwamini sana, hakuna anayemlinda tena.

Asubuhi aliingia kazini na sare safi iliyonyooshwa. Mumewe, dereva mstaafu wa malori, ndiye aliyefua na kupiga pasi nguo za nyumba ile, majirani wacheke wasicheke. Saa moja kamili Mama Kulabu akasimama mbele ya ubao na Mpole ubavuni, akaanza kuhesabu kwa kidole. Saba, nane. Kidole kikasimama.

Kulabu ya tisa ilikuwa tupu. Hapakuwa na ufunguo wala kibati.

"Mpole. Wa tisa uko wapi?"

"Sijui, Mama. Sijaugusa."

"Hujaugusa! Umesaini kwamba upo. Sasa umeota miguu, umekwenda kunywa chai?"

"Haki ya Mungu, sijaugusa."

Mama Kulabu akabonyeza kengele. Kila kitu kikasimama. Lango likafungwa, mahabusu wakarudishwa ndani wahesabiwe mmoja mmoja, sufuria za uji zikabaki jikoni zikipoa. Askari kumi na wanne wa zamu ya usiku, macho mekundu, wakapangwa ukutani wapekuliwe: viatu, soksi, kofia, chupa za chai. Wengine wakatumwa kuchokora mifereji, wengine kuinua magodoro. Hakuna aliyeuliza kwa nini, sheria walikuwa wanaijua kwa moyo. Ila Mpole alikuwa anaonewa huruma na kila mtu, maana Mama Kulabu alimwandama kama nyuki.

"Miaka sita nakufundisha! Hesabu kwa macho yako, usihesabu kwa mdomo wa mwenzio, nimekwambia mara ngapi?"

Mpole akajibu polepole, kichwa chini, "Mara nyingi, Mama."

Na mnisikilize vizuri, hakuwa anadanganya. Kwa akili yake yote aliamini ameutundika. Mkono uliotundika ufunguo kila siku kwa miaka kumi na tisa haukumbuki siku moja moja, unakumbuka kutundika tu. Ukimwuliza angeapa.

Saa mbili kasoro dakika chache akaenda kwenye nondo za bloki ya pili kumwambia fundi kwamba safari imekwama kidogo. Fundi alikuwa tayari tangu alfajiri. Amevaa shati lake mwenyewe, amelinyoosha kwa kulilalia chini ya godoro, amefunga vifungo mpaka shingoni.

"Kuna ufunguo umepotea," Mama Kulabu akamwambia. "Ukijulikana uliko tu, unatoka."

"Tutawahi, mama?"

"Tutawahi."

Fundi akapitisha mkono kwenye nondo. "Leso yako. Nimeifua." Ilikuwa imekunjwa pembe nne, pembe juu ya pembe, kazi ya fundi hasa.

Mama Kulabu akaipokea, akapeleka mkono mfukoni kuiweka, na pale, kidole kikiwa bado kimo mfukoni, akakumbuka. Jana. Alipotoa leso alikuwa ameshika ufunguo mkono huohuo. Leso ilitoka, ufunguo ukaingia. Mfuko wa kushoto wa suruali ya jana. Na suruali ya jana ilikuwa nyumbani.

Saa kubwa ya ukutani, mwisho wa ukumbi, ilikuwa saa mbili kamili.

Hebu tumwelewe kidogo kabla hatujamhukumu. Ilikuwa imebaki miezi minne astaafu. Hajawahi kuandikiwa onyo hata moja. Nje ya ofisi ile askari wote walikuwa wakimngoja, na Mpole alikuwa amesimama bila viatu, soksi moja imetoboka kidole, kwa kosa ambalo si lake. Mama Kulabu akaingia ofisini akafunga mlango. Akasimama mbele ya ubao. Kichwa kilikuwa kinatafuta njia ya panya. Akisema anaumwa, aende nyumbani? Hatoki mtu. Akimpigia mumewe, aulete umefichwa kwenye bakuli la chakula? Anamwona yule mzee anavyocheka mwenyewe akipewa siri, angefika langoni ameshaitangaza. Akinyamaza je? Watautafuta mpaka mchana, watachoka, watabadilisha kufuli, itaandikwa kwamba ulipotea zamu ya usiku. Zamu ya Mpole.

Alimfikiria Mpole na soksi yake. Alimfikiria na fundi, na shati lililofungwa mpaka shingoni. Bado miguu ikakataa. Jamani, aibu ni kitu kizito. Mtu mzima anayewakoromea wenzake kila siku, aende akaseme ni mimi? Mshale wa dakika ukawa unasogea naye anauona.

Alipofungua mlango ilikuwa saa mbili na dakika kumi na mbili.

"Acheni kutafuta," akasema. Sauti ilitoka ndogo, ikabidi arudie. "Acheni kutafuta. Ufunguo uko kwangu nyumbani. Niliuchukua jana bila kibati, nikaupigia vema bila kuutundika, nikaondoka nao mfukoni. Mpole, vaa viatu vyako. Nisamehe, baba."

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja nyuma akanong'ona, "Mwosha huoshwa," mwenzake akamkanyaga mguu.

Mkuu akamwingiza ofisini, wakapiga simu nyumbani, sauti ikiwa wazi ili na wengine washuhudie.

"Kuna ufunguo kwenye suruali yangu ya jana?" Mama Kulabu akauliza.

"Ulikuwepo," mumewe akajibu. "Nimeufua."

"Umeufua?"

"Pamoja na suruali. Nikadhani wa stoo. Nimeuanika dirishani hapa, unang'aa kama mpya. Nikuletee?"

"Usiuguse! Usimpe mtu, usimwonyeshe mtu. Kaa hapohapo uutazame mpaka waje."

"Niutazame tu?"

"Utazame, mume wangu. Kwa macho yote mawili."

Mkuu alijizuia asicheke, akafaulu kidogo. Kisha akatoa amri moja baada ya nyingine, taratibu, bila kupandisha sauti. Askari wawili waende wakauchukue ufunguo. Askari mmoja asimame kwenye mlango wa ubavuni mpaka kufuli libadilishwe, na libadilishwe leo hii, kwa sababu ufunguo uliolala nje ya ukuta si wa kuaminika tena, hata kama umelala kwa mzee wa watu dirishani. Zamu ya usiku iende ikalale. Gari la mazishi liondoke sasa. Lilipita langoni saa mbili na dakika thelathini na tano.

Halafu akamgeukia. "Sajini, mkanda."

Mama Kulabu akavua mkanda wake wa kazi, akauweka mezani pamoja na kibati chake cha shaba.

"Utakaa nyumbani wiki mbili mpaka uchunguzi uishe," Mkuu akasema. "Na baada ya hapo sidhani utarudi kwenye ubao. Unanielewa?"

"Nakuelewa, Afande. Hata mimi nisingejirudisha."

Aliandika maelezo yake kurasa mbili. Lakini hakwenda nyumbani. Aliomba aketi kwenye benchi la wageni, karibu na lango, mpaka gari lirudi. Mkuu akamtazama, akakubali.

Gari lilirudi saa nane mchana. Fundi akashuka, vumbi mpaka magotini, udongo mwekundu kwenye kucha. Alipekuliwa kama kawaida, akavua viatu, akafungua kinywa. Alipomwona Mama Kulabu kwenye benchi, hana mkanda, akasimama.

"Mama, askari wameniambia njiani," akasema. "Wamesema ulijitaja mwenyewe ili mimi nitoke. Mungu akubariki. Sikutegemea."

"Uliwahi?"

"Nilikuta wanafukia. Walisema watu wametoka mbali, saa nne ni saa nne. Nilishika koleo, nikafukia na wenzangu." Akajaribu kutabasamu. "Uso tu ndio sikuuona. Tulipitwa kidogo, kama dakika kumi hivi. Lakini si neno, mama. Bila wewe hata koleo nisingelishika."

Akachukuliwa ndani. Mama Kulabu akabaki na ile shukrani mikononi, hajui aiweke wapi. Angeweza kwenda nayo nyumbani. Hakuna aliyejua, hata kurasa zile mbili hazikusema. Humo aliandika kwamba alikumbuka na akatoa taarifa. Hakuandika saa.

Akainuka, akarudi kwa Mkuu. Akaomba karatasi nyingine, akaandika mistari mitatu, akaisaini. Mkuu akaisoma mara mbili.

"Na sasa unataka nini?"

"Robo saa na fundi. Kwenye kile chumba. Kwa utaratibu, Afande."

Mpole ndiye aliyempeleka. Alikuwa ameitwa mchana ule kushika ubao kwa muda, hajalala vya kutosha, kola imekaa upande. Alimpekua Mama Kulabu kwanza: mabega, mifuko, viatu.

"Na soksi," Mama Kulabu akamkumbusha.

"Nilikuwa nakuja kwenye soksi, Mama."

Kisha Mpole akaacha kibati chake kwenye kulabu ya tisa, akachukua ufunguo mpya, akaandika saa, akafungua mlango wa ubavuni. Akabaki amesimama pale kizingitini.

Fundi aliletwa. Wakaketi kama jana, benchi hili na benchi lile.

"Nimekuja kukwambia kitu na usinikatize," Mama Kulabu akasema. "Nilikumbuka ufunguo uliko saa mbili kamili, uliponipa leso. Nilisema saa mbili na dakika kumi na mbili. Katikati hapo nilikuwa nimesimama ofisini, mlango umefungwa. Hizo dakika ulizozikosa huko kaburini, nilikuwa nazo mimi."

Fundi alianza kutoa udongo kwenye ukucha wa kidole gumba kwa ukucha mwingine, akausukuma mezani, ukawa kirundo kidogo.

"Ulikuwa unaogopa nini?" akauliza mwishowe.

"Kuchekwa."

"Kuchekwa." Alilitafuna lile neno. Uso wake ukakaza, na kwa mara ya kwanza tangu aingie gerezani akapandisha sauti. "Mama yangu mimi! Kwa kuchekwa?"

"Ndiyo."

Mpole alisogea hatua moja, Mama Kulabu akamtikisia kichwa, akarudi. Fundi akainama, paji la uso mezani, mabega yakitikisika. Mama Kulabu hakumgusa. Hakutoa leso. Aliona hana haki ya kumfuta mtu machozi aliyomsababishia. Alipoona fundi hainui kichwa, akasimama.

"Sitakuomba msamaha leo," akasema. "Nilitaka tu usinishukuru bure."

Alikuwa ameshafika kwenye mlango fundi aliponyanyua kichwa.

"Jana ulikuja mwenyewe kuniambia," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Na leo umekuja mwenyewe."

"Ndiyo."

"Basi rudi ukae. Sijakusamehe. Kaa tu."

Mama Kulabu akarudi akaketi.

"Una deni langu la dakika kumi na mbili," fundi akasema. "Uso wa mama yangu sikuuona, na humu ndani hakuna hata mmoja anayeujua. Nitakueleza ulivyokuwa, na wewe utasikiliza mpaka mwisho."

Mama Kulabu akamgeukia Mpole. "Tuna muda?"

Mpole akatazama saa yake, akalitazama daftari lililokuwa kwapani. Hakuharakisha. Siku zote yeye ni mtu wa kuhesabu vigae.

"Mmetumia dakika tatu, Mama," akasema. "Zimebaki kumi na mbili."

Akageuka akawapa mgongo, ufunguo mkononi. Fundi akafuta uso kwa kiganja, akaanza na paji la uso wa mama yake.